Mume Wangu Alimnyamazisha Shahidi, Mwanangu Akanywa Maji ya Kisima

Nina miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Tanga, na mpaka leo nikisikia birika linachemka natoka nje. Wenzangu kazini wamezoea. Wakitaka chai huchemshia maji chumba cha pili, kisha huniletea kikombe. Ninyi mnaosoma hamnijui, kwa hiyo lazima nianze mwanzo... ingawa mwanzo wenyewe ulikuwa mtamu, na utamu huo ndio ulionimaliza.

Niiteni Zuhura. Nilisomea kazi ya maabara, nikaajiriwa kwenye maabara ndogo ya kupima maji pale Raskazone, ndani ya nyumba ya zamani yenye madirisha marefu na milango mizito. Watu walituletea maji ya visima, ya matangi ya shule, ya hoteli, hata ya barafu ya kuhifadhia samaki. Kazi yetu ilikuwa kusema kilichomo ndani. Basi! Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya mchezo.

Mimi ndiye niliyekuwa na dhamana ya kuhakiki vipimo. Maana mashine nayo hudanganya, jamani. Haina nia mbaya kama binadamu, lakini hudanganya. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa maji ya mteja yeyote, tulipima kwanza chupa moja maalumu ambayo kilichomo ndani yake kinajulikana tangu ilikotoka. Mashine ikitaja kiasi kilekile, unaendelea. Ikitaja kingine, unasimamisha kazi na kutafuta kosa liko wapi. Chupa hiyo tuliipa jina la shahidi.

Shahidi akikataa, hakuna kipimo! Hayo niliyasema mpaka wenzangu wakanichoka. Ndoa yenyewe haifungwi bila mashahidi, nikiwaambia, sembuse maji yatakayoingia tumboni mwa watu?

Aliyenitania zaidi ni Shafii. Alikuwa mpimaji mwenzangu, kijana wa Maramba, mcheshi, mwenye mikono mitulivu ambayo haikumwaga tone. Aliniita Bibi Shahidi. Siku aliyonitamkia kuwa anataka kunioa, alisema atakuja nyumbani na mashahidi wawili, niwapime kwanza wote wawili kabla sijamjibu. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Ningejua machozi mengine yanakuja!

Tukaoana. Tulipanga chumba na sebule hapahapa mjini, asubuhi tunapanda bajaji moja kwenda kazini, jioni tunarudi pamoja. Nilipopata mimba, presha ilinipanda na miguu ikavimba, daktari akanitaka nipumzike. Meza yangu ya kazi nikamwachia mume wangu, pamoja na uhakiki wote. Ningemwachia nani mwingine?

Wakati huohuo, kule Maramba, baba mkwe wangu Mzee Bakari alikuwa anachimba kisima uani kwake. Kwa miaka mingi wanawake wa pale walikuwa wakiteka maji mbali. Mzee alichagua mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani, nyuma yake kuna shamba la mahindi linalotiwa mbolea kila msimu. Udongo ulikuwa laini, maji yakapatikana upesi, meupe pe! Mzee akaona ni baraka. Akatangaza siku ya dua, akaalika mtaa mzima kuja kunywa maji ya kwanza.

Shafii akaja na chupa ya maji yale ili ayapime. Nakumbuka nilimpigia simu nikiwa nimelala ubavu, nimechoka na tumbo. Nilichotaka kujua zaidi ni naitreti. Hiyo ni chumvichumvi itokayo kwenye samadi, mbolea na vyoo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu mzima anaweza kuinywa asione kitu, lakini kwa mtoto mchanga huiharibu damu, ikashindwa kubeba hewa.

Nikamuuliza, "Shahidi amesemaje?"

Akacheka. "Shahidi kasema vizuri, Bibi Shahidi. Na kisima cha baba ni safi. Lala."

Nikalala. Nawaambia kweli, nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Nasra alizaliwa salama, mtoto mwenye nywele nyingi na sauti kali. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo arobaini yangu nilikwenda kukaa Maramba kwa mama mkwe. Bi Mwanahamisi alinilea, sina la kumsingizia. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akanifunga tumbo kwa kanga.

Lakini misukosuko ilianza mapema. Titi moja lilivimba likafanya jipu, homa ikanishika, na maziwa yakakatika. Mtoto analia njaa usiku na mchana! Ikabidi anunuliwe maziwa ya kopo. Na maziwa ya kopo, kama mjuavyo, hukorogwa kwa maji.

Mimi mtu wa maabara, ningemkorogea mwanangu maji hivihivi? Niliyachemsha. Yakishapoa niliyachemsha tena, yakapungua sufuriani, ndipo nikayatia kwenye chupa ya chai. Mama mkwe alinicheka, akasema mkaza mwana wake ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Nikamwambia mtoto wa kwanza huyo, mama, niache.

Haukupita muda mrefu nikaona midomo ya Nasra imebadilika. Mwanzoni nilidhani ni kivuli cha chumbani. Nikamtoa barazani... midomo ni ileile! Haikuwa myeusi, haikuwa myekundu. Ilikuwa na rangi ya majivu iliyochanganyika na buluu. Kucha nazo zilikuwa hivyohivyo. Na ile sauti yake kali ikaanza kupungua. Alikuwa akilia kidogo, kisha ananyamaza mwenyewe kama mtu aliyekata tamaa. Kimya hicho kilinitisha kuliko kilio.

Bi Mwanahamisi alimwinua mtoto kwenye mwanga, akamtazama.

"Mkaza mwana, mtoto huyu kapigwa jicho. Huoni alivyosawijika? Ni yule Rehema! Juzi hapa kamsifia nywele mbele yetu sote, wala hakusema mashallah."

Bi Rehema alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mjane, mpika vitumbua. Kweli alimsifia mtoto. Kweli sikumbuki kama alisema mashallah. Kwa sababu hiyo tu, siku ileile alikatazwa kukanyaga ua wetu, na vitumbua vyake vikakosa wanunuzi. Nilimwona amesimama njiani na ndoo yake mkononi, haamini. Mimi nilinyamaza! Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa inatafuta mtu wa kumshika.

Akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maneno ya Mungu, kwa mkono mzuri. Mama mkwe akaliosha kombe lile kwa maji, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Sililaumu kombe, na mwalimu yule simlaumu. Lakini maji ya kuliosha yalitoka wapi? Yalitoka kisimani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo roho yangu ilipokwama mpaka leo. Usiku ule, nimempakata Nasra, wazo lilinijia. Midomo ya buluu... mtoto mchanga... kisima kipya... zizi. Nilisoma mambo haya darasani! Wazo likabisha hodi kama mgeni mwenye habari mbaya. Nami nikalifungia mlango. Nikajiambia maji yamepimwa. Shahidi alisema vizuri. Shafii mwenyewe aliniambia.

Nikainuka, nikakoroga chupa nyingine ya maziwa.

Alfajiri mtoto hakuweza hata kunyonya chuchu ya chupa. Tulikodi gari kuja mjini, Mzee Bakari mbele na dereva, mimi nyuma, nikihesabu pumzi zake. Shafii alitupokea mlangoni mwa hospitali, kavaa shati alilolikosea vifungo.

Nesi alipomtoa mtoto damu, niliitazama ile sindano. Ee Mola wangu! Haikuwa damu nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, mfano wa kahawa iliyopoa kwenye birika.

Daktari, mwanamke mpole wa makamo, akaniuliza mtoto anakunywa maji gani. Nikamjibu ni ya kisima, lakini yamepimwa, tena mimi nayachemsha mara mbili. Aliacha kuandika. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika yamepimwa, kwa sababu hali ile mara nyingi hutoka kwenye maji. Mnajua nilimjibuje? Nilimkasirikia! Nikamwambia mimi mwenyewe ni mtu wa maabara na mume wangu ndiye aliyepima. Nikageuka kumtazama Shafii anisaidie kusema.

Shafii alikuwa anatazama sakafu.

Dawa ya hali ile ilitafutwa, ikapatikana, akatiwa kwenye mshipa. Walifanya kila lililowezekana. Lakini tulichelewa na mwili wake mdogo ulikuwa umeshachoka. Alasiri ile Nasra wangu alivuta pumzi moja ndefu, nikasubiri nyingine... haikuja.

Sitawasimulia mazishi. Siwezi.

Watu walipokuwa bado kwenye tanga, sura ya Shafii akitazama sakafu haikunitoka. Usingizi ukanikataa, chakula kikanikataa. Siku moja nikachota maji ya kisima kwenye chupa safi, nikaichukua na ile chupa ya chai iliyobaki na maji yangu ya kuchemsha, ambayo hakuna aliyekumbuka kuyamwaga. Nikasema nakwenda mjini kwa ndugu yangu. Nikaenda moja kwa moja Raskazone.

Maabara yetu ilipima naitreti hivi. Maji hupitishwa kwenye mrija mwembamba wa kioo uliojaa chenga za madini, kisha hutiwa dawa. Kama naitreti ipo, maji hugeuka rangi ya waridi, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Lakini zile chenga huchoka. Zikichoka rangi haiji, hata kama maji yamejaa sumu. Ndiyo maana ya shahidi! Yeye ndiye anayekuambia kuwa chenga zimechoka.

Nilimpitisha shahidi kwenye mrija uliokuwepo mezani. Akatoka na rangi hafifu, karibu hakuna rangi. Shahidi amekataa. Nikatoa mrija mpya kwenye boksi lililofika karibuni, ambalo hakuna aliyelifungua, nikaufunga, nikampitisha tena. Sasa akatoka na rangi yake, na mashine ikataja kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye chupa. Hapo ndipo nikachukua maji ya kisima cha Mzee Bakari.

Yalikolea. Yalikolea kama juisi ya rosela!

Nikajikaza, nikapima na yale ya chupa ya chai. Yale niliyoyachemsha mara mbili kwa mikono yangu. Wasomaji wangu, rangi yake ilikuwa nzito zaidi. Naitreti si mdudu, haifi kwa moto. Mchuzi ukiuacha jikoni ukakauka, chumvi inakwenda wapi? Inabaki palepale, na mchuzi unazidi kukolea. Nilikuwa nimemkaushia mwanangu sumu kwa mapenzi.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. Sijui nilikaa muda gani. Nilipopata nguvu nikampigia Shafii, nikamwambia njoo kazini.

Alikuja na kanzu ya msibani. Akaziona glasi tatu zimepangwa mezani, na ule mrija wa zamani pembeni. Alivuta kiti akakaa.

"Shahidi alikataa," akasema. "Mara ya kwanza na mara ya pili. Nikasema labda chupa imeharibika kwa joto. Mirija mipya ilikuwa haijafika, Zuhura, na baba alishaalika watu wa dua. Mbuzi kachinjwa. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hujui."

Akalia. Alilia mpaka kanzu ikalowa kifuani, nami nilimtazama tu. Nataka mwelewe vizuri, kwa sababu watu wengi husema mume wangu aliua kwa makusudi. Sivyo. Hakujua kuwa maji ni mabaya. Yeye mwenyewe aliyanywa, tena kwa furaha, mbele ya watu. Alijua kitu kimoja tu, kwamba hajui. Na hicho ndicho alichonificha! Aliona aibu kumwambia baba yake asubiri, akaona aibu kuniambia mimi kuwa amevunja sheria yangu, akakiacha kimya kikalala pale mpaka mwanangu akakinywa.

Kisha akaniomba jambo lililoniua mara ya pili. Akasema tusitiriane. Mtoto keshakwenda, kusema hakutamrudisha, na baba yake akijua kuwa kisima chake ndicho kilichomuua mjukuu wake hataishi. Tukifunike kisima kwa kisingizio chochote, akasema, iwe siri yetu.

Nikamuuliza, na Bi Rehema? Nikamuuliza, na hao wateja wote waliopimiwa kwa mrija ule?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia mwenye maabara siku ileile. Alifunga milango, akaanza kuwapigia simu watu mmoja mmoja waache kutumia majibu yetu hadi wapimiwe upya. Mimi nikarudi Maramba.

Wanawake walikuwa uani wanapika, wanateka maji kwenye kisima kilekile. Nilimsalimia baba mkwe, "Shikamoo baba," akaitika marahaba mwanangu, akanipisha nikae kitini kwake. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, mbele ya wote. Nikasema maji haya ndiyo yaliyomuua Nasra, nikasema kwa nini, nikasema na nani alijua nini. Mama mkwe alinirukia akaniita mwongo, mvunja nyumba, akasema uchungu umenipanda kichwani. Mwanawe, msomi, angewezaje kukosea?

Mzee Bakari aliondoka taratibu akaenda kisimani, akaikata kamba ya ndoo kwa panga. Kisha akachukua zile mbao za ujenzi zilizobaki, akaanza kukifunika kisima, ubao mmoja mmoja, mbele ya macho yetu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Mimi nikatoka kwenda nyumba ya tatu.

Nilikwenda nikiogopa, kwa sababu nilisikia binti yake Bi Rehema naye amejifungua, na mtoto anaongezewa maziwa ya kopo. Nilimkuta mlangoni anakuna nazi. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Nikamuuliza mjukuu wake anakunywa maji gani.

"Tangu mlivyonifukuza uani kwenu sijakanyaga kisimani," akasema. "Twateka kulekule mbali, kama zamani. Mgongo waniuma mwanangu, si mchezo."

Akaingia ndani akatoka na mtoto. Midomo myekundu! Mtoto akapiga ukelele wa njaa uliosikika mtaa mzima, nami nikashika kifua changu. Tulimfukuza kwa uongo, na uongo huo ndio uliomponya mjukuu wake.

Bi Rehema akaniambia, bila kucheka, "Sema mashallah, mwanangu. Wasije wakakusingizia na wewe."

Nikasema mashallah, nikarudia, nikarudia tena.

Leo sipo tena na Shafii. Aliacha kazi ya maabara mwenyewe kabla hajaambiwa. Mimi bado naifanya, mahali pengine, na kila asubuhi shahidi hutangulia. Vijana wapya wananiona mkali, wananinung'unikia pembeni. Wacha waninung'unikie.

Nawaombeni, ninyi mnaosoma. Ukiambiwa kitu kimepimwa, iwe ni maji, ni damu yako, ni dawa, uliza kilipimwa vipi na nani alihakiki. Usione haya. Usilale kwa sababu aliyekujibu ana sauti unayoipenda. Mapenzi si kipimo. Mtoto akibadilika rangi, mbio hospitali, majirani waacheni. Na wewe unayepima, siku chombo chako kitakapokukatalia, usimgeuzie shahidi kosa. Simama, hata kama mbuzi keshachinjwa na wageni wamekaa mkekani. Sema sijui. Neno hilo halijawahi kumzika mtoto wa mtu.

Shafii huwatuma watu waniulize kama nimemsamehe. Huwa nawatazama, nikimwona tena ameinamisha uso pale hospitali, na jibu ninalowapa ni lilelile ambalo yeye lilimshinda kulitamka.

Nawaambia sijui.